Kaka alipasuliwa mgongo, mimi nilikataa

Nyumbani kwetu mgongo mmoja umepasuliwa na mwingine umekataa kisu, na wenye migongo hiyo wote wawili bado tunashika jembe. Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori, alifanyiwa upasuaji Kampala. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nilishauriwa nitiwe skrubu kiunoni, nikasema hapana. Tangu hapo ukoo ukikutana, iwe msibani au kwenye mahari, hakosi mjomba wa kuuliza ni nani kati yetu aliyekuwa na akili. Jibu langu huwakera: sote wawili. Maradhi yetu yalikuwa mawili, yalipanga tu mtaa mmoja.

Nianze na kaka. Yeye huchukua mzigo Mombasa, anaingia Uganda kwa Malaba, anapanda hadi Arua, na mwenye mali akitaka anavuka mpaka kwenda Congo au Juba. Kiuno kilikuwa kikimuuma kwa miaka, kama kinavyowauma madereva wengi wa masafa marefu. Kukaa kutwa juu ya kiti kinachotetemeka kunachosha mgongo hata wa mtu asiyebeba kitu. Hilo alikwisha lizoea. Kilichomshinda ni mguu. Akiwa kwenye foleni ya mpakani Elegu, maumivu yalitoka kiunoni, yakashuka tako la kushoto, yakapita ubavu wa paja na wa muundi hadi kwenye kidole gumba. Akikohoa, yanashuka. Akikaa, yanashuka. Kulala kwenyewe ni kwa ubavu mmoja, goti limekunjwa.

Baadaye kiuno kikapoa na yeye akatangaza kwamba amepona. Wifi yangu ndiye aliyeona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona: kandambili ya kushoto inamvuka njiani na mwenyewe hana habari. Nilimwambia kaka asimame kwa visigino. Wa kulia ulisimama, wa kushoto ukaanguka. Nikamwambia ainue kidole gumba cha mguu nami nikizuie kwa kidole changu kimoja, na mtu huyu anayebadilisha gurudumu la trela akashindwa. Hapo sikuzungumza tena habari za kuchuliwa. Mguu unaouma unaweza kusubiri. Mguu unaopoteza nguvu wiki hadi wiki haufai kusubirishwa.

Picha ya MRI ilieleza yote. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, gegedu lenye ute mzito katikati. Ukuta wa diski ukichanika, ute ule hutoka nje na kukandamiza mzizi wa neva, na zaidi ya kukandamiza huuchoma, kwa sababu ute wenyewe huamsha uvimbe. Kwa kaka, kipande kilikuwa kimetoka kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno na kuukalia mzizi unaoinua kidole gumba. Ugonjwa wenyewe ulielezwa vizuri na madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, mwaka 1934, na upasuaji wa kuondoa kipande hicho umefanywa tangu enzi hizo. Ni operesheni yenye lengo moja: toa kilichokalia neva.

Alipozinduka kutoka usingizini, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mguu umenyamaza. Ganzi ilibaki juu ya unyayo, na ipo hadi leo. Nguvu za kidole zilirudi polepole, na hazikurudi zote. Na kiuno? Kiuno kiliendelea kuuma kama zamani. Wajomba walidhani daktari amekosea. Hakukosea. Alikuwa amemwambia kaka tangu mwanzo, mbele yangu, kwamba anatibu mguu na hatoi ahadi yoyote kuhusu kiuno. Nilimheshimu sana kwa maneno yale, kwa sababu muda si mrefu nilikutana na mwingine asiyesema hivyo.

Mgongo wangu ulikuwa na tabia nyingine kabisa. Kazi ya wodi ni kuinama. Vitanda vyetu ni vya chini, mama aliyetoka kujifungua anahitaji kuinuliwa, mgonjwa aliyepooza anageuzwa kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Maumivu yalianza taratibu na yakakaa palepale kiunoni, upana wa kiganja. Asubuhi nakakamaa, mchana nafunguka, usiku wa zamu natembea nimeshika ukuta. Lakini hayakuwahi kuvuka goti. Visigino vyangu vilisimama, vidole vyangu viliinuka.

Nilipitia vyote ambavyo mtu wa huku hupitia. Sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwanza. Huku mgonjwa asipodungwa anaona hajatibiwa, na wauguzi nasi ni wagonjwa wa imani hiyohiyo. Halafu mkanda wa kufunga kiuno, ule unaouzwa sokoni kando ya viatu vya mitumba. Mafuta ya kuchua. Majani ya shangazi, machungu kupita kwinini. Godoro likaondolewa, nikalala mkekani. Na juu ya yote hayo, makatazo: usiiname, usichote maji, usilime, usimbebe mtoto. Binti zangu walininyang'anya hata ufagio.

Ndipo nikaenda Kampala, kwenye kliniki ya watu binafsi ambayo sitaitaja. Daktari alitundika picha zangu kwenye taa, akanionyesha diski mbili za chini zimekauka na kutuna kidogo, akasema tuziunganishe pingili zile kwa skrubu na vyuma zisicheze tena. Hakuniuliza habari za miguu. Hakuniambia nisimame kwa visigino. Nilitoka na karatasi ya makadirio ambayo, kwa mshahara wa muuguzi wa serikali, ilikuwa ni kuuza kiwanja. Tangu 2001 hospitali za serikali Uganda hazitozi ada wodi za kawaida, lakini mtu akienda binafsi hulipa yote, na vyuma vya mgongo si vitu vya bei ya panadol.

Kilichonizuia hasa ni ile picha. Nilikuwa nimesoma kazi iliyochapishwa 2015 na Brinjikji na wenzake, waliokusanya tafiti za watu zaidi ya 3,000 waliopigwa picha za mgongo wakiwa hawana maumivu yoyote. Katika watu wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa. Katika watu wa miaka 50, asilimia 80; na diski zilizotuna, asilimia 60. Watu wazima, wenye afya, wasiolalamika! Sasa mimi niliyevuka 40, mwenye kazi ya kuinama, diski mbili zilizokauka zinathibitisha nini? Zinathibitisha kwamba nina umri wangu. Ukiipiga picha wodi nzima ya wauguzi utawapeleka wote kwenye meza ya upasuaji, pamoja na daktari mwenyewe.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na mimi nasema ni hapa penye shina la jambo lote. Upasuaji wa kaka na ule niliopendekezewa mimi vinaitwa jina moja, upasuaji wa mgongo, lakini ushahidi wake haufanani hata kidogo.

Kwa maumivu ya mguu yanayotokana na diski, Waholanzi walifanya jaribio lililotoka 2007, wagonjwa 283, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubirishwa kwa dawa na uangalizi na kupasuliwa ikibidi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 walisema wamepona. Katika wale wa kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa hata hivyo. Waliobaki walipona bila kisu, kwa sababu kipande cha diski mara nyingi hunywea chenyewe mwili ukikila. Kwa hiyo kwa mguu upasuaji hununua muda: unapona mapema badala ya kuchelewa. Kwa dereva ambaye lori likisimama watoto hawaendi shule, muda si kitu kidogo. Na jaribio lile halikuchukua watu ambao mguu umepooza kabisa. Mguu ukishaanza kulegea, hesabu inakuwa nyingine.

Kwa maumivu ya kiuno peke yake, kama yangu, mambo ni mengine. Mwaka 2001 Waswidi walichapisha jaribio la watu 294. Waliounganishwa pingili maumivu yao ya mgongo yalipungua kwa asilimia 33. Waliobaki na tiba ya kawaida, asilimia 7 tu. Ukisoma hilo peke yake utaiuza ng'ombe yako kesho. Lakini tazama hao wa asilimia 7 walipewa nini: fizioterapia ileile ya kawaida, kila mahali kwa namna yake, ambayo kwa miaka ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Miaka michache baadaye Wanorwe na Waingereza walilinganisha upasuaji huohuo na kitu kingine. Wanorwe, 2003, waliwapa wagonjwa wao somo la kuwaondolea hofu, wakawaambia mgongo unaruhusiwa kuinama na kutumika, halafu wakawafanyisha mazoezi mara tatu kwa siku kwa wiki tatu. Waingereza, 2005, wakiwa na wagonjwa 349, waliwapa kundi la mazoezi kama saa 75 za mazoezi na mafunzo. Kwa Wanorwe, matokeo yakalingana. Kwa Waingereza upasuaji ulitangulia kwa alama 4 hivi kwenye kipimo cha alama 100 cha jinsi kiuno kinavyomzuia mtu shughuli zake, tofauti ndogo ambayo watafiti wenyewe hawakuona kama inatosha kuhalalisha hatari na gharama za kisu.

Saa 75. Nilipoisoma namba hiyo niliweka karatasi chini. Kwa sababu huku kwetu mtu husema, "Sista, nimejaribu bila upasuaji, imeshindikana," na ukimuuliza alijaribu nini anakuhesabia diklofenaki, mkanda, na mwezi wa kulala. Hiyo si tiba bila upasuaji. Huko ni kukosa tiba. Anayelinganisha kisu na mkanda wa sokoni lazima kisu kishinde. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri elimu, mazoezi, kukandwa, na tiba ya kisaikolojia. Na unasema wazi mikanda ya kiuno isitolewe kama tiba ya kawaida, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa za jamii ya morfini, ambamo tramadoli imo. Nusu ya vitu tunavyouziwa vimo kwenye orodha ya kukatazwa.

Nikamtafuta mtu wa fizioterapia. Uganda hawapo wengi, lakini hospitali za rufaa za mikoa huwa na idara yao, aghalabu chumba kimoja mwisho wa korido. Niliyempata alikuwa kijana, umri wa mpwa wangu, na kabla sijakaa alidondosha kalamu sakafuni akaniomba nimwokotee. Nilishuka kwa magoti kama mtu anayeingia kanisani. Akacheka kidogo, kwa adabu.

"Sista, huo mgongo haujavunjika. Umekatazwa tu."

Alinipa vitu vitatu. Kutembea kila siku, mwendo wa mtu aliyechelewa basi. Mazoezi ya misuli ya tumbo, mgongo na matako, ya sakafuni, yasiyohitaji kifaa chochote. Na jerikeni. Kwanza ile ya lita 5, niinue kutoka chini na kuirudisha, asubuhi na jioni. Ikizoeleka, lita 10. Mwisho ile ya 20 ambayo kila mwanamke wa huku anaijua. Sheria yake ilikuwa moja: kuuma wakati wa zoezi kunaruhusiwa, mradi kufikia kesho asubuhi kumerudi pale kulipokuwa. Kusiporudi, punguza maji, usiache zoezi.

Vita kubwa ilikuwa nyumbani. Shangazi alipoona nainua jerikeni aliwaita majirani washuhudie ninavyojiua. Mume wangu aliniomba nimpigie simu yule daktari wa Kampala. Na zile wiki za kwanza kweli niliumia zaidi, misuli iliyolala miaka ikaamshwa kwa kelele, na kama nisingekuwa nimeelezwa kabla ningeacha. Watu wengi huachia hapo. Sina cha kuwalaumu. Kijana yule alikuwa na nafasi ya kuniona mara chache tu, na kati ya mara na mara mtu anabaki na mwili wake na shangazi zake.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Niliitambua kwa mambo yaliyokosekana: kwamba zamu ya usiku imekwisha na sikushika ukuta, kwamba nimepalilia mihogo mpaka mstari ukaisha. Kiuno bado huniuma, hasa msimu wa kulima na wiki zenye wagonjwa wengi. Sijapona kwa maana ile wanayotaka wajomba. Lakini diklofenaki nimeiacha, na kwa mwenye shinikizo la damu kama mimi hilo peke yake ni faida, kwani dawa hizo zikiendelea huumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

Isije ikadhaniwa nahubiri jerikeni kwa kila mtu. Kuna migongo ambayo haitakiwi kujadiliwa, inatakiwa kukimbizwa. Anayepata ganzi sehemu za siri na mapajani pale panapogusa tandiko la baiskeli, anayeshindwa kukojoa au kujizuia haja, anayelegea miguu yote miwili: huyo neva za mwisho wa uti zimebanwa, na upasuaji wake ni wa saa, sio wa wiki. Mwenye homa, jasho la usiku na kukonda, hasa akianza kuota kibyongo, afikiriwe kifua kikuu cha mgongo. Hicho hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi vinavyotolewa bure kwenye vituo vya serikali, na upasuaji huingia pale tu uti unapobanwa au pingili zinapoporomoka. Huku kwetu kwenye mifugo na maziwa mabichi namuuliza pia mgonjwa habari za homa inayokuja na kuondoka, kwa sababu brusela nayo hupenda kukaa kiunoni. Aliyewahi kuwa na saratani, na mzee aliyeanguka, wapigwe picha mapema. Nimeona mgonjwa wa kifua kikuu aliyekandwa mgongo na mchuaji wa kijiji hadi miguu ikalegea, na hilo siwezi kulisahau.

Wagonjwa wakiniuliza wafanye nini, siwaambii wapasuliwe wala wasipasuliwe. Nawaambia kwanza wanionyeshe kwa kidole yanapouma, na yanaishia wapi. Yakivuka goti tunaongea lugha moja. Yakibaki kiunoni tunaongea nyingine. Wakienda kwa daktari wa upasuaji nawaambia wamuulize: unatibu mguu wangu au kiuno changu? Nikisubiri miezi mitatu, napoteza nini? Nisipopona, mpango wa pili ni upi? Mpasuaji mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Yule wa kaka alijibu kabla hajaulizwa.

Kaka mwenyewe alirudi kwangu mwaka uliopita. Kiuno, si mguu. Rafiki yake wa barabarani alikuwa amemwambia kuna hospitali India inayofunga skrubu na mtu anarudi mpya, na alikwisha anza kuulizia bei ya tiketi. Nilimsimamisha kwa visigino tena. Wa kushoto ulitetemeka kidogo kama kawaida yake, haukuzidi. Nikampa jerikeni ya lita 5. Alinitazama kama niliyemtukana, mtu wa trela kupewa jerikeni ya mtoto, lakini wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni akasema atainua. Sasa yuko kwenye lita 10. Akiwa safarini anasema huifanya kila anapolala, Eldoret, Tororo, Karuma. Turniboi wake anasema hiyo jerikeni hujazwa nusu.